Kifungu na Ufunguo

Ukutani, juu ya vigingi vya makoti,
Aili aliandika kwa rangi ya samawati
iliyobaki baada ya kupaka madirisha:
Hapa hakuna anayeachwa nje.
Herufi ya mwisho ilichuruzika. Tukaiacha.

Kabatini, faili la pili, karatasi ya nne:
Mlango hufungwa saa nne usiku.
Hiyo haikuchuruzika. Ilipigwa chapa.

Miaka sita, ukuta na faili
vilikaa kama majirani wanaosalimiana
bila kuombana chumvi,
hadi Januari ile, mto Emajõgi umeganda ukingo kwa ukingo,
Tartu nzima inatoa moshi mdomoni,
mtu akabisha saa nne na dakika kumi na saba.

Zamu ilikuwa ya Heldur,
dereva mstaafu wa treni ya mizigo,
anayejua dakika kumi na saba ni kitu gani.
Akafungua.
Akaandika daftarini: Nimefungua mimi.
Baridi, hasi ishirini na moja.
Supu, bakuli mbili.

Jumatatu kamati ikaketi. Mimi ndiye katibu.
Urmas, wakili, kijana mwenye nia njema,
akasema: tuondoe mgongano huu, tuunganishe.
Kifungu cha kwanza: Kila mhudumu atakuwa na huruma.
Cha pili: saa za mlango.
Waraka mmoja, sauti moja.
Ikapendeza. Niliandika "imekubaliwa"
hata kabla ya mikono kuinuka.

Leida wa jikoni hakuacha kumenya viazi.
Asiye na huruma, akauliza, mtamkata euro ngapi?
Na huyo mpima huruma
atapimia kijiko kipi, cha chai au cha supu?

Nikafuta "imekubaliwa".
Nikaiona fomu ya mwaka wa tatu, imeshakuja:
Huruma: ndiyo, hapana. Tia alama. Sahihi.
Nikauona na mlango uliohamishiwa ukutani,
wazi usiku kucha kwa kila kishindo,
na wale kumi na wanane vitandani, macho kodo.
Waliokwisha kuingia nao ni watu.

Lakini msinisikie vibaya.
Nilishona glavu miaka tisa katika kiwanda
chenye herufi za shaba langoni: Mfanyakazi Kwanza.
Chini ya shaba hiyo tulitoka mia mbili na sita,
kila mmoja na bahasha,
kwa mujibu wa sera, aya ya kumi na moja.
Ukuta ule uliimba, faili likang'ata,
na katikati hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kifungu na ufunguo vimetoka mzizi mmoja;
ndugu hao usiwatie mfuko mmoja,
watakwaruzana hadi meno yaishe.
Ila mfuko wa ufunguo uwe wa mtu,
mtu mwenye jina.

Basi saa nne ikabaki saa nne.
Rangi ya Aili ikabaki na chozi lake.
Tuliongeza mstari mmoja tu, nao niliuandika kwa mkono:
anayevunja saa, na anayeishika, aandike kwa nini;
daftari lisomwe kila mwezi, kwa sauti,
tukiwa tumeuelekea ukuta.

Februari nilisoma mimi.
Heldur, mara tatu. Supu, supu, chai.
Kisha mwandiko nisioujua, mdogo, umebanana:

Saa saba na nusu. Sikufungua.
Ana kisu, hataki kukiacha. Kifungu cha saba.
Nimeita gari la wagonjwa.
Nimechukua makoti mawili, nimekaa naye kibarazani.
Dakika arobaini.
Urmas.

Hakuna aliyesema kitu.
Leida akaokota kiazi kilichomdondoka,
akakifuta kwa aproni,
akaendelea.